Gari Moshi la Mizigo na Maandishi Yake

Jioni moja, chini ya kilima cha Kasubi, pale ambapo Barabara ya Hoima hujaa malori, wachuuzi na watu warudio makwao, tulimwona askari akimsimamisha kijana mmoja aliyekuwa na daftari mkononi. Kijana yule alikuwa ameegemea ukuta wa duka, na kila lilipopita lori lililobeba kontena aliinua macho, akatazama ubavuni mwake, kisha akaandika.

"Unaandika nini hapo, kijana?" askari aliuliza.

"Namba za makontena, afande."

"Nani aliyekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, afande. Napenda tu kujua yametoka wapi."

Jibu hilo halikumridhisha askari, nasi hatumlaumu, kwa maana kazi yake ni kuuliza. Alilichukua daftari, akalifungua, akaona kurasa nzima za herufi na tarakimu zilizopangwa safu kwa safu, jambo lililomtia shaka zaidi. Hapo ndipo mzee mmoja aliyekuwa akinunua ndizi, ambaye zamani alikuwa gadi wa treni za mizigo, alipojongea na kusema kwa adabu: "Afande, namba hizo si siri. Zimeandikwa kwa rangi, kwa herufi kubwa, ili kila mtu azisome. Huyu kijana ana ugonjwa wa reli. Sisi wa reli twawajua watu wa namba hii."

Mazungumzo yaliyofuata ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala haya. Tuliona kwamba elimu ya kutambua treni ya mizigo na mahali iendako, ambayo wengi huidhania kuwa mchezo wa watoto, ina faida kubwa kwa askari wa jeshi na wa polisi. Kadhalika tuliona kwamba kutoijua elimu hiyo kwaweza kumfanya mlinzi wa usalama amkamate mtu asiye na hatia, na kumwacha mwenye hatia apite.

Yafaa kwanza tueleze ni kwa nini jambo la reli litajwe Kasubi, mahali pasipo na stesheni. Kilima hiki chajulikana duniani kwa makaburi ya wafalme wa Buganda. Hapo wamelala Mutesa I aliyefariki mwaka 1884, Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II. Katika hao wanne, ni katika enzi ya Daudi Chwa kwamba reli kutoka Mombasa ilifika Kampala, mwaka 1931, baada ya kujengwa daraja la kuvuka Mto Nili pale Jinja. Reli yenyewe hupita upande mwingine wa mji, lakini mizigo yake huendelea na safari. Sanduku la chuma lililoteremshwa kwenye behewa hupakiwa juu ya lori, na lori hupanda Barabara ya Hoima au hushika barabara ya mzunguko wa kaskazini inayopita karibu na Kasubi. Hivyo mkazi wa Kasubi huuona mkia wa safari ambayo kichwa chake kilianzia baharini, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka hapa.

Sasa tugeukie elimu yenyewe. Treni ya abiria hujitangaza, kwani ina ratiba iliyobandikwa ukutani na stesheni masta huitaja kwa jina. Treni ya mizigo haimwambii mtu lolote. Hutokea usiku au mchana, hupita kwa kishindo, hutoweka. Mpenzi wa reli anayetaka kujua imetoka wapi na inakwenda wapi hana budi kuzikusanya dalili moja moja, kama mpelelezi azikusanyavyo alama mahali palipotendeka kosa.

Dalili ya kwanza ni upande inakoelekea na uzito ilionao. Katika reli yetu watu wa kazi husema treni inapanda au inashuka. Kupanda ni kutoka pwani kuja bara, na kushuka ni kurudi baharini. Si msemo mtupu, kwa sababu njia ya kutoka Mombasa huanza usawa wa bahari na kupanda hadi zaidi ya mita 2,700 karibu na Timboroa, nchini Kenya, kabla ya kuteremka kuelekea Uganda. Treni inayopanda aghalabu huleta mafuta, ngano, mbolea, chuma na bidhaa zilizomo ndani ya makontena. Inayoshuka huchukua kahawa na mazao mengine ya nchi, na mara nyingi makontena matupu yanayorejeshwa bandarini. Behewa tupu hutambulika hata gizani: springi zake hazikulemewa, nalo huruka na kupiga kelele kwenye maungio ya reli, ilhali lililojaa hupita kwa mngurumo mzito. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na behewa nalo lina tabia hiyo hiyo.

Dalili ya pili ni injini. Mwaka 1948, reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ile ya Tanganyika, uliwekwa utaratibu wa namba ambao nchi zetu tatu ziliurithi. Tarakimu mbili za mwanzo zilitaja aina ya injini, na mbili za mwisho zilitaja nafasi yake katika aina hiyo. Mathalani, injini ya mvuke namba 5918 ilikuwa ya 18 katika aina ya 59. Injini za aina hiyo zilikuwa 34, zilitengenezwa na kiwanda cha Beyer, Peacock mjini Manchester kuanzia mwaka 1955, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Namba 5918, iitwayo Mount Gelai, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli mjini Nairobi. Mtu ajuaye utaratibu huo, akiona tarakimu nne tu, hujua nguvu ya injini, na kutokana na nguvu hukisia mzigo na njia ambayo injini hiyo yaweza kuruhusiwa kupita, maana injini nzito haipelekwi penye reli nyepesi wala madaraja dhaifu.

Dalili ya tatu ni sura ya mabehewa. Behewa la tangi hubeba mafuta au kimiminiko kingine. Behewa lililofunikwa hubeba vitu visivyopaswa kunyeshewa, kama sukari na kahawa. Behewa bapa hubeba makontena, magari au nondo. Mpenzi wa reli hayahesabu tu, bali huutazama mpangilio wake. Akiona matangi yamefuatana kumi na zaidi, hujua kwamba treni inakwenda mahali penye ghala kubwa la mafuta. Akiona matangi mawili, bapa tatu na yaliyofunikwa matano yamechanganyika, hujua kwamba treni hiyo itavunjwa njiani, na kila fungu litachukuliwa na injini nyingine.

Hapa ndipo makutano yanapokuwa na maana. Reli iingiayo Uganda kwa Malaba hufika Tororo na kugawanyika. Mkono mmoja huelekea magharibi, kwenda Jinja na Kampala. Mwingine ulijengwa kuelekea kaskazini, ukafika Soroti mwaka 1929 na Pakwach mwaka 1964, ukipitia Lira na Gulu. Kutoka Kampala tawi fupi huteremka hadi Port Bell, na huko behewa zima huweza kuingizwa ndani ya meli, likavuka ziwa hadi Mwanza na kuendelea kwa reli hadi Dar es Salaam. Hilo lawezekana kwa sababu reli hizo zina upana mmoja wa mita 1. Reli mpya ya Kenya, iliyofunguliwa kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435, na reli ya TAZARA ina milimita 1,067. Kwa hiyo upana wa njia peke yake hutosha kutuambia mahali ambapo behewa fulani haliwezi kufika hata likitaka, na mahali ambapo mzigo hauna budi kuhamishwa.

Wazee watakumbuka tawi jingine, lile la Kasese lililofunguliwa mwaka 1956 kwa ajili hasa ya shaba ya Kilembe. Siku hizo hapakuhitajika ujuzi mwingi. Treni nzito iliyotoka magharibi ilikuwa imebeba madini ya kwenda kuyeyushwa Jinja. Mgodi uliposimama, treni hizo zilikoma, na tawi lenyewe likaja kunyamaza. Hili latufundisha kwamba dalili haina maana ya milele. Mtu aliyezoea kusema "treni ya magharibi ni ya shaba" angekuwa amekosea siku ile ile mgodi ulipofungwa.

Dalili ya nne ni maandishi. Ubavuni mwa behewa huandikwa herufi za reli inayolimiliki, namba yake, uzito wake likiwa tupu na mzigo linaoruhusiwa kubeba. Katika reli zilizofuata desturi za Kiingereza, kama zetu, palikuwa na kibanio kidogo ambamo karani alitia kadi inayotaja stesheni ya kutoka na stesheni ya kwenda. Aliyeweza kuisoma kadi hiyo hakuhitaji kukisia tena. Matangi ya vitu vya hatari nayo huwekewa namba za kimataifa: 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli, 1223 ni mafuta ya taa. Namba hizi tunawasihi askari wazitie moyoni. Siku tangi litakapopinduka, iwe relini au barabarani, askari ajuaye tofauti ya 1203 na 1202 atajua ni umbali gani awaweke watu waliokuja na madumu.

Tumefika kwenye kontena, ambalo ndilo lililomponza kijana wetu wa Kasubi. Kila kontena la safari za kimataifa lina herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za kwanza humtaja mwenye mali, na ya nne, kwa kontena la kawaida, ni U. Kwa hiyo MSKU ni la Maersk na CMAU ni la CMA CGM. Hufuata tarakimu sita za kontena lenyewe, kisha tarakimu moja ya mwisho, mara nyingi ikiwa imezungushiwa kisanduku. Hiyo ya mwisho ndiyo mlinzi wa nyingine zote.

Tuchukue mfano wa CSQU 305438, ambayo tarakimu yake ya mwisho ni 3. Kila herufi ina thamani yake. A ni 10, B ni 12, na kuendelea hivyo, tukiruka 11, 22 na 33. C huwa 13, S huwa 30, Q huwa 28 na U huwa 32. Thamani ya kwanza huzidishwa kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, na hivyo hivyo kwa kurudufu hadi tarakimu ya kumi izidishwe kwa 512. Majibu yote yakijumlishwa tunapata 6,185. Tukigawa kwa 11, kinachobaki ni 3, ndiyo ile tarakimu ya kisanduku. Kinachobaki kikiwa 10, huandikwa 0. Hesabu isipolingana, ama msomaji amesoma vibaya, ama mchoraji alikosea, ama kuna mkono uliobadilisha namba. Askari mwenye kalamu na dakika tano aweza kuligundua jambo hilo kando ya barabara pasipo chombo chochote.

Lakini tuseme wazi: namba ya kontena humtaja mwenye sanduku, haitaji mwenye mzigo wala mahali linakokwenda. Hayo yamo katika hati za safari. Na usalama wa kilichomo ndani hutegemea lakiri, iwe ya chuma au zile za kielektroniki ambazo mamlaka za mapato za Uganda, Kenya na Rwanda huzitumia kufuatilia mizigo inayopita. Lakiri iliyokatika, au yenye namba isiyolingana na hati, ni dalili kubwa kuliko sura ya dereva au haraka yake.

Dalili ya tano ni mkia. Gadi na stesheni masta wamefundishwa kutazama alama au taa iliyo nyuma ya behewa la mwisho. Ikiwapo, treni ni kamili. Isipokuwapo, huenda mabehewa yamekatika na kubaki njiani, na njia haiwezi kutolewa kwa treni nyingine mpaka ijulikane kuwa ni nyeupe. Mpenzi wa reli naye hutazama mpaka mwisho, wala haondoki injini inapopita.

Msomaji atakuwa ameona kwamba katika dalili zote tano hakuna hata moja itoshayo peke yake. Tangi laweza kuwa tupu. Injini yaweza kuazimwa. Kontena la kampuni ya ng'ambo laweza kuwa limejaa kahawa ya hapa. Ujuzi wa mpenzi wa reli ni kuziweka dalili pamoja, kuandika tarehe na saa, kulinganisha ya leo na ya juma lililopita, kisha kukubali kukosea. Huo ndio upelelezi mwema, nasi twaamini hakuna askari aliyefunzwa sawasawa atakayekataa kwamba ndivyo naye alivyofunzwa.

Basi, je, kijana mwenye daftari hawezi kuwa jasusi? Swali hili ni la haki, na historia haituruhusu kulicheka. Katika Vita Kuu ya Kwanza, nchi ya Ubelgiji ilipokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani, kikundi cha siri kilichoitwa La Dame Blanche kiliwaweka watu kando ya reli usiku na mchana. Zaidi ya watu 1,000 walishiriki. Walihesabu mabehewa ya askari, ya farasi na ya mizinga, na habari zao zikavushwa hadi kwa Waingereza, ambao kwazo walijua ni kikosi gani kinahama na kinaelekea wapi. Kuitazama treni kulikuwa silaha.

Lakini historia ina upande wa pili. Mwaka 1942, katikati ya vita nyingine, karani mmoja wa reli nchini Uingereza, Ian Allan, alichapisha kijitabu cha namba za injini, na kikawafanya vijana wasiohesabika wakae kwenye majukwaa ya stesheni na madaftari yao. Na mwezi wa Novemba 2001, huko Kalamata, Ugiriki, Waingereza 12 na Waholanzi 2 waliokuwa na mapenzi kama hayo kwa ndege walikamatwa karibu na uwanja wa jeshi. Walikaa kizuizini wiki kadhaa, na mwezi wa Aprili 2002 wakahukumiwa. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo mahakama ya rufani iliwafutia hatia. Mwaka mzima ulipotea, kwa watuhumiwa na kwa serikali, kwa sababu daftari lilichukuliwa kuwa ushahidi kamili.

Tofauti ya mambo hayo mawili haimo ndani ya daftari. Imo katika kile kinachotazamwa na anayepelekewa habari. Anayeandika namba ya kontena la nguo barabarani anaandika kilichochorwa ili kisomwe. Anayehesabu magari ya jeshi na kuulizia saa ya kuondoka anatafuta kilichofichwa. Kwa hiyo twawashauri wapenzi wa reli waombe ruhusa ya stesheni masta kabla ya kuingia uani au kupiga picha, wasitembee juu ya mataruma, na wakiona treni au msafara wa jeshi wafunge madaftari yao bila kungoja kuambiwa. Nao askari twawashauri waulize kwanza, wasikilize jibu, kisha walipime jibu hilo kwa ujuzi. Mpenzi wa kweli wa reli ukimwuliza namba moja atakueleza ishirini, mpaka uchoke wewe.

Tena mtu huyo ni msaada usio na mshahara. Reli yetu imeumizwa sana na wizi wa mataruma ya chuma na vifungio vyake, vinavyouzwa kama vyuma chakavu. Ni nani atakayeona mapema kwamba vifungio vimepungua, au kwamba behewa limesimama mahali lisipozoea kusimama, kuliko yule azoeaye kutazama kila siku? Uganda imetia sahihi, mwezi wa Oktoba 2024, mkataba wa kujenga reli mpya ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Njia hiyo itahitaji macho mengi kuliko idadi ya askari tulio nao.

Pale Kasubi mambo yaliisha kwa amani. Askari aliuliza tarakimu ya mwisho ni ya nini. Kijana akamwonyesha hesabu, mzee akisimamia, na kwenye ukurasa wa tatu wa daftari askari mwenyewe akagundua namba moja isiyolingana. Kijana alikuwa ameandika 8 mahali pa 3. Akarudishiwa daftari lake na kuambiwa asahihishe. Giza lilipoanza kuingia lori jingine lilikuwa likipanda kutoka upande wa mji, nao wote watatu wakageuka kulitazama.